Aliyechangia mbegu au yai hawezi kuja tu kudai mtoto

Ile meseji imerudi tena kwenye magrupu, eti ukizaa kwa mbegu au yai la kuchangiwa iko siku mwenyewe atabisha hodi na majibu ya DNA mkononi adai mtoto wake, au mtoto akikua amdai yeye matunzo na urithi. Mambo hayaendi hivyo jamani.

DNA inaonyesha damu imetoka wapi, haiamui peke yake nani mzazi kisheria. Mfano Uingereza, aliyechangia kupitia kliniki yenye leseni hana haki za mzazi wala hadaiwi hata senti, na fomu ya ridhaa anasaini kabla. Nadhani kinachochanganya watu ni hiki, hukohuko waliochangia kuanzia Aprili 2005, mtoto akifikisha miaka 18 anaweza kuomba kujua ni nani, sasa mtu akisikia "kumjua" yeye anaelewa "kumdai", kumbe ni vitu viwili tofauti kabisa.

Ila wale wanaopatana wenyewe nyumbani bila kliniki, hapo kweli kuna mtihani, mahakama inaweza kumhesabu mchangiaji kuwa baba. Na sheria hazifanani kila nchi, kwa hiyo soma fomu pale inapotaja nani mzazi, ukikwama muulize mwanasheria.

Dhamiri nayo ni habari nyingine, mfano kuficha ugonjwa wa ukoo wakati unachangia, hiyo mimi naona ni kosa kubwa.

Meseji ikikufikia usiifowadi, huenda kwenye grupu hilohilo kuna mzazi wa mtoto wa hivyo anaisoma kimyakimya.