Mtindo: neno lililotoka kwenye makali ya kisu

Hivi karibuni nilikuwa nimeketi kwa fundi cherehani nikisubiri suruali yangu ipunguzwe, na mbele yangu dada mmoja akamwonyesha fundi picha ya gauni kwenye simu. Fundi aliitazama, akamrudishia simu yake, akasema, "Dada, huu mshono ulishapita." Yule dada hakukubali: "Ukipita si utarudi?" Kwangu mimi, ninayeshinda na kamusi, sentensi hizo mbili zilikuwa na faida kuliko suruali, kwa sababu zinaonyesha jinsi Kiswahili kinavyolisema jambo ambalo mara nyingi naulizwa: je, tuna neno moja la mtindo unaovuma kwa muda kisha ukatoweka?

Neno la kwanza linalomjia kila mtu ni mtindo, lakini ndani ya mtindo hamna muda hata kidogo. Limeundwa kutokana na kitenzi tinda, yaani kukata, kwa njia ileile iliyotupa mchezo kutokana na cheza na mshono kutokana na shona. Kitenzi chenyewe kimepungukiwa na kazi katika Kiswahili sanifu, ingawa hakijafa. Katika lahaja za kaskazini, Mombasa na Lamu, kuku bado hutindwa mahali ambapo wengine tungesema huchinjwa. Mwashi anayetoboa ukuta hushika nyundo na tindo. Na katika kila saluni wanawake hutinda nyusi, pengine bila kufikiri kwamba wembe ule na neno mtindo ni wa ukoo mmoja. Kwa hiyo mtindo, kwa asili yake, ni namna kitu kilivyokatwa, na kutoka hapo maana ikapanuka hadi umbo, namna na desturi, hata tukafika kwenye mtindo wa maisha.

Maneno tuliyoyakopa hayakwenda mbali na hapo. Staili ilitufikia kutoka Kiingereza, lakini mzizi wake ni neno la Kilatini, stilus, kijiti chenye ncha ambacho Warumi walikitumia kuandikia kwenye vibao vya nta. Fasheni nayo ilipita Ufaransa kabla ya kufika Uingereza, na chimbuko lake ni kitenzi cha Kilatini chenye maana ya kutenda au kutengeneza. Nyuma ya maneno yote matatu kuna mkono unaofanya kazi, na katika mawili kati yake mkono huo umeshika kitu chenye ncha au makali.

Muda tunaupata wapi, basi? Kisasa kingefaa, kwa kuwa kimejengwa juu ya sasa, neno la asili ya Kiarabu lenye undugu na saa. Tatizo ni kwamba kisasa hakizeeki: nyumba iliyoitwa ya kisasa ilipojengwa miaka thelathini iliyopita huendelea kuitwa hivyo hata bati likiwa limeota kutu.

Jibu langu ni kwamba Waswahili waliiacha nomino na kuukabidhi muda kwa vitenzi, kama alivyofanya fundi. Mtindo huingia, hushika, huvuma, huchuja, hupitwa na wakati, na ukibahatika hurudi. Kuchuja ndicho ninachokipenda kuliko vyote. Hilo ni neno la nguo: kanga mpya ikifuliwa na rangi yake ikatoka kwenye maji, tunasema imechuja, na kwa neno hilohilo tunamsema mwanamuziki ambaye nyimbo zake hazitafutwi tena. Kuvuma ni neno la sauti, ya upepo na ya ngoma, ndiyo maana methali isemayo ngoma ivumayo haidumu huweza kusemwa juu ya viatu kwa urahisi uleule.

Vitu vyenyewe hupewa majina, na majina hayo ndiyo yanayobaki. Bugaluu, suruali iliyopanuka miguuni, ilichukua jina la muziki na dansi iliyovuma New York katika miaka ya 1960, na kwa viatu vya soli nene tulikuwa na raizoni. Mzee akitamka mojawapo ya maneno hayo mbele yangu, naweza kukisia ujana wake ulikuwa lini.

Muziki wa dansi wa Tanzania uliifanya mitindo kuwa mali ya bendi, kila moja ikijitambulisha kwa wake: Western Jazz walikuwa na Saboso, Tabora Jazz wakawa na Segere Matata, Mlimani Park wakaja na Sikinde. Hapa mtindo ulimaanisha mapigo na uchezaji, na kwa kawaida bendi ilipochoka nao ilibuni mwingine. NUTA Jazz, iliyoanzishwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi, ilichagua Msondo, jina la ngoma ndefu. Chama kikabadilika na bendi ikabadilishwa jina pamoja nacho, ikawa Juwata, kisha OTTU, na kila mara wapenzi wake waliendelea kusema wanakwenda Msondo, hadi bendi yenyewe ikaitwa Msondo Ngoma.