Dawa za kuharakisha uchungu: mwambie mkunga kabla ya dripu

Malalamiko kwamba sisi wakunga tunadharau tiba asili yamekuwa mengi. Hapa Tanzania tiba asili inatambuliwa na Sheria Na. 23 ya mwaka 2002. Ila mganga husajiliwa peke yake, kituo chake peke yake, na dawa nayo peke yake baada ya uchunguzi wa Mkemia Mkuu wa Serikali. Cheti kilichotundikwa ukutani hakisemi lolote kuhusu kilichomo kwenye chupa. Ukiwa na shaka, muone mratibu wa tiba asili wa halmashauri yako.

Kinachotusumbua ni mizizi inayochemshwa ili "njia ifunguke upesi". Baadhi yake hukaza mfuko wa uzazi kama dripu ya uchungu. Lakini dripu huhesabiwa matone na hufungwa ikizidi; kikombe kikishanywewa, basi. Kati ya uchungu mmoja na mwingine mfuko hulegea, na hapo ndipo mtoto hupata hewa ya kutosha kupitia kondo la nyuma. Uchungu ukija zaidi ya mara tano ndani ya dakika 10, nafasi hiyo haitoshi. Mapigo ya moyo ya mtoto huweza kutoka nje ya kiwango cha kawaida cha 110 hadi 160 kwa dakika, maji ya uzazi huweza kugeuka kijani, na mfuko unaweza kuchanika, hasa kwa aliyewahi kujifungua kwa upasuaji. Mkunga asiyejua akiongeza dripu juu ya dawa hiyo, hatari ni kubwa zaidi.

Kwa hiyo ukifika leba taja ulichokunywa, kiasi na saa. Hatuulizi ili tukushtaki. Wanaoficha kwa kuogopa kufokewa wanatufunga mikono.

Mengine ya bibi zetu hatuna ugomvi nayo: kutembea, kuchuchumaa, kukandwa kiuno, kunywa uji mwepesi mkunga akiruhusu. Udongo wa sokoni hauongezi damu, tumeshasema mara nyingi mno. Vidonge vya damu vimeze kwa maji. Chai inywe angalau saa moja baadaye.

Shirika la Afya Duniani linapendekeza mama awe na msindikizaji anayemtaka mwenyewe wakati wote wa uchungu. Ulizia kliniki mapema kama wodi ina mapazia, maana pasipo faragha msindikizaji wa kiume huweza kukataliwa mlangoni. Mchague pia mwanamke mmoja wa akiba, naye aelezwe mapema kwamba haingii na chupa.