Darubini ya bei ya kadiri kwa kazi za Malindi na Lamu: soma namba kabla ya kutoa pesa

Muuzaji wa darubini ya macho mawili huulizwa kwanza: inavuta kiasi gani? Kwa anayeongoza wageni kwenye mlango wa mto Sabaki, kwa nahodha wa mkondo wa Lamu au kwa kikundi cha kulinda kasa, hilo lingekuwa swali la mwisho. Darubini nyingi zinazolala kabatini hapa pwani zilinunuliwa kwa sababu ya kuvuta sana, kisha mwenyewe akagundua kwamba haoni kitu akiwa ndani ya chombo.

Namba mbili zilizochapwa mwilini ndizo za kuanzia. 8x42 maana yake kitu huonekana kana kwamba umekisogelea mara 8, na lenzi ya mbele, ile inayotazama bahari, ina kipenyo cha milimita 42. Ukigawa 42 kwa 8 unapata 5.25. Hicho ni kipenyo, kwa milimita, cha mwali wa mwanga unaotoka nyuma na kuingia jichoni. Mboni ya jicho katika jua kali hubana hadi milimita 2 au 3. Gizani hutanuka hadi kama 7 kwa kijana, na kwa mtu mzima huwa pungufu. Kwa hiyo 7x50, yenye mwali wa milimita 7, ni darubini ya usiku na ya manahodha. 20x50 ina mwali wa milimita 2.5 tu: mchana inapita, lakini magharibi ikiingia picha inazama gizani wakati jirani yako mwenye 8x42 bado anahesabu ndege. Ni kweli kwamba kwetu karibu na ikweta magharibi ni fupi, kama dakika 20 hivi tangu jua lizame mpaka giza lishike, kwa hiyo faida ya 7x50 juu ya 8x42 haidumu. Lakini alfajiri chini ya mikoko kivuli hukaa zaidi, na hapo milimita 5 zinahitajika.

Kinachokuzwa si ndege peke yake. Mtetemo wa mkono nao unakuzwa, mara 8 au mara 20, na chombo kikiyumba mambo huwa mabaya zaidi. Nyangumi wenye nundu hupita nje ya Malindi na Watamu hasa Julai hadi Septemba, yaani ndani ya kusi, bahari ikiwa na mawimbi. Anayenunua 16x kwa ajili ya nyangumi amejinunulia kichefuchefu. Juu ya boti, 7x au 8x ndiyo kikomo cha mkono. 10x42 inafaa kwa mtu wa nchi kavu aliyesimama imara, mfano kwenye matuta ya mchanga ya Mambrui au Shela. Kuanzia 12x kwenda juu, panga na bei ya stendi ya miguu mitatu.

Hewa nayo ina sehemu yake. Kuanzia saa tatu asubuhi mchanga wa Sabaki huanza kupata joto na mazigazi hucheza juu yake. Darubini ya kuvuta sana hukuza mazigazi hayo pamoja na buabua waliolala kwenye fungu la mchanga, na hakuna lenzi, hata ya bei ya boti, inayoyaondoa. Isitoshe, ufuo wetu unatazama mashariki: asubuhi ukielekea baharini jua liko machoni, na baada ya saa tisa alasiri liko mgongoni. Ratiba nzuri itakupa picha safi kuliko nyongeza ya shilingi elfu ishirini.

Upana wa picha huandikwa kwa nyuzi au kwa mita katika umbali wa mita 1,000. Nyuzi 1 ni karibu mita 17.5. 8x42 ya kadiri hutoa mita 120 hadi 140, na 10x42 hutoa kama 105 hadi 115. Tofauti hiyo utaiona kundi la vitwitwi likiruka ghafla.

Kuhusu bei: kwa darubini ya 8x42 yenye sifa zinazofuata, ngazi ya kati ni takriban dola 150 hadi 350 huko inakotoka, kabla ya usafiri na ushuru. Chini ya hapo unapunguziwa ama kioo ama kizuizi cha maji. Juu yake unalipia uboreshaji mdogo wa rangi na kingo za picha, ambao mgeni wa siku moja hatautambua.

Sifa ya kwanza ni kuzuia maji kikweli. Tafuta maandishi ya IPX7, kipimo cha kuzama mita 1 kwa dakika 30, na maelezo kwamba ndani imejazwa naitrojeni au agoni. Gesi hiyo kavu haina mvuke, kwa hiyo ukitoka kwenye gari lenye kiyoyozi ukaingia joto la Malindi ukungu hautafanyika ndani. Utafanyika nje, nao unajikausha. Darubini iliyoandikwa tu kwamba inavumilia mvua haina oringi, yaani pete za mpira za kuziba, za kutosha. Hewa ya chumvi itaingia, na ikishaingia haitoki.

Ya pili ni tabaka za lenzi. Kila uso wa kioo usio na tabaka hurudisha karibu asilimia 4 ya mwanga. Ukiwa na nyuso 10, inabaki kama theluthi mbili tu ya mwanga ulioingia, na ule uliopotea haukwenda mbali: unazungukazunguka ndani na kuifanya picha iwe nyeupe kama maji ya mchele. Tabaka nyingi kwenye nyuso zote hushusha hasara hadi nusu asilimia au chini kwa kila uso. Kwenye boksi huandikwa FMC. Hakikisha kwa macho: inamisha lenzi chini ya taa. Uakisi hafifu wa kijani au zambarau ni dalili njema, uakisi mweupe unaong'aa ni kioo kitupu. Lenzi nyekundu kama rubi iache hapohapo dukani. Wekundu huo ni pambo linalotupa mwanga.

Ya tatu ni prizimu, vile vioo vya ndani vinavyoigeuza picha isionekane kichwa chini. Mwili uliopinda bega ni muundo wa zamani, rahisi kutengeneza vizuri kwa pesa kidogo, ila ni mgumu kuuziba maji. Mirija iliyonyooka huzibika vizuri, lakini prizimu zake zinahitaji tabaka la ziada la kusahihisha awamu ya mwanga. Usipoliona limetajwa, mistari myembamba ya manyoya haitakuwa kali. Kioo cha prizimu kiwe cha aina ya BaK-4, si BK7 ya bei rahisi.

Kwa anayevaa miwani kuna kipimo kimoja zaidi: umbali ambao jicho linaweza kukaa nyuma ya darubini na bado lione picha nzima. Usikubali chini ya milimita 16.

Wapo wanaouliza kama darubini ya bunduki, mathalani 3-9x40, ingefanya kazi hizi. Namba zake zinasomwa vilevile: inakuza mara 3 hadi 9, na lenzi ya mbele ni milimita 40. Lakini imetengenezwa jicho likae kama sentimita 9 nyuma yake, ili bunduki ikipiga teke isimpasue mpigaji nyusi. Bila bunduki ya kuishikilia, picha inakimbia, ni nyembamba, na ni ya jicho moja. Hapa Kenya uwindaji umepigwa marufuku tangu 1977, kwa hiyo kwa wanyama na ndege darubini ya macho mawili inatosha.

Kabla ya kulipa, toka nayo mlangoni mwa duka. Ishike sentimita 30 mbele ya uso, ielekeze kwenye anga jeupe mbali kabisa na jua, utazame vile viduara viwili vya mwanga. Viwe mviringo safi. Vikiwa na kingo za kijivu zilizokatwa kama mraba, prizimu ni BK7 au ni ndogo kuliko inavyopasa. Kisha pima kiduara kwa rula. Darubini ya 10x50 lazima itoe milimita 5. Ukikuta 3, zidisha kwa 10: umeuziwa darubini ya milimita 30 ndani ya mwili wa 50. Zile za kuvuta na kurudisha zilizoandikwa 10-70x70 hufeli jaribio hili mara nyingi, na ndiyo maana muuzaji hapendi rula.

Halafu tazama waya wa umeme au upeo wa bahari. Funga jicho moja, fungua, badilisha. Mstari ukiruka juu au chini, mirija miwili haitazami mahali pamoja. Kasoro hii huletwa na kuanguka, hata ndani ya boksi safarini. Ubongo utajaribu kuifidia kwa dakika kadhaa, kisha kichwa kitauma. Usikubali ahadi kwamba macho yatazoea.

Kuirekebisha kwa macho yako ni kazi ya dakika moja ambayo wengi hawaifanyi. Kunja bawaba hadi viduara viwili vya picha unayoiona viwe kimoja. Vikombe vya mpira vivute nje kama huvai miwani, virudishe ndani kama unavaa. Funika lenzi ya kulia kwa kiganja, tazama kitu kilicho mita 50 kwa jicho la kushoto, uzungushe gurudumu la kati hadi kikae sawa. Sasa funika ya kushoto, na kwa jicho la kulia zungusha pete iliyo kwenye kioo cha kulia peke yake, bila kugusa gurudumu. Kumbuka alama ilipoishia. Ukimpa mgeni, rudisha pete kwenye sifuri kwanza, na mwambie asiielekeze kwenye jua hata kwa sekunde moja: inachoma retina, na haina maumivu ya kumwonya.

Chumvi ndiyo huua darubini nyingi huku. Rasharasha la bahari likikauka huacha chembe ngumu, na mtu akifuta kwa pindo la kikoi au leso anasugua lenzi kwa msasa. Iliyozibwa maji imwagie taratibu maji yasiyo na chumvi, ya mvua au ya chupa. Maji ya kisima yakiwa na chumvichumvi hayasaidii. Isiyozibwa ipulizwe kwa pampu ndogo ya mpira, ipanguswe kwa brashi laini, kisha kitambaa cha lenzi chenye unyevu kidogo, kwa mduara kutoka katikati kwenda nje. Mate hapana.

Adui wa pili ni kuvu. Hupenda giza, unyevu na hewa iliyotulia, yaani hasa mfuko wa ngozi uliofungwa, au zidaka kwenye ukuta wa mawe ya matumbawe unaovuta unyevu. Zidaka ni mahali pa vyombo vya china. Darubini iwekwe kwenye boksi la plastiki lenye mfuniko wa mpira, la lita 5 hivi, pamoja na gramu 50 hadi 100 za silika jeli ya rangi ya chungwa, ile inayogeuka kijani ikishiba maji. Ikigeuka, ikaushe kwenye oveni kwa nyuzi 120 kwa saa mbili au tatu, au kwenye sufuria isiyopikiwa chakula juu ya makaa hafifu ukiikoroga hadi rangi irudi. Mchele haufanyi kazi hiyo, unaacha vumbi.

Mara moja kwa mwezi mulika tochi kutoka lenzi ya mbele na uchungulie. Nyuzi kama utando wa buibui ni kuvu. Zikiwa juu ya lenzi ya nje zitafutika kwa dawa ya lenzi. Zikiwa ndani, usifungue skrubu: gesi itatoka, mirija itapoteza mwelekeo, na asidi ya kuvu huenda imeshakula tabaka. Ndani ya muda wa dhamana irudishe kwa muuzaji, ukiwa na risiti.