Joto la Dodoma na kiu ya mtoto mchanga

Ukipita vijiji vya Chamwino au Bahi mwezi wa Oktoba, kabla mvua hazijaanza, utamsikia bibi akimwambia mkwewe: "Mpe mtoto maji jamani, koo limemkauka." Anasema kwa upendo. Lakini mtoto ambaye hajatimiza miezi 6 hahitaji maji, hata jua liwake namna gani.

Maziwa ya mama karibu yote ni maji, takriban asilimia 87. Yale yanayotangulia mtoto anapoanza kunyonya ni mepesi zaidi, na ndiyo yanayomkata kiu. Joto likizidi atataka ziwa mara nyingi zaidi, mpe. Wa kunywa maji ya kutosha ni mama.

Tazama tumbo la mtoto lilivyo dogo. Vijiko vichache vya maji vinalijaza, ananyonya kidogo, na titi lisiponyonywa hupunguza kutengeneza maziwa. Kisha mama anaona maziwa hayatoshi, anaanza kumkorogea uji akiwa na miezi 3. Na maji yenyewe, yakiwa ya lambo au kisima cha wazi, humletea kuhara. Hapo ndipo mtoto anapokaukiwa kweli, na hilo ndilo linaloniumiza.

Una wasiwasi? Angalia nepi. Akikojoa mara 6 au zaidi kwa siku, mkojo wa rangi hafifu, maji anayo. Dawa au ORS (unga wa chumvi na sukari wa kuchanganya na maji, kwa anayeharisha) akiandikiwa na mhudumu wa afya, apewe. Maji ya kunywa, yaliyochemshwa, yaanze pamoja na uji akitimiza miezi 6, huku akiendelea kunyonya.