Nani aamue saa ya kumlaza mama? Bajeti binafsi ya huduma hapa England

Familia nyingi za Waswahili ninazozishauri hapa England hudhani kwamba halmashauri ikishakubali kumsaidia mzee wao, kazi iliyobaki ni kupokea kile kinacholetwa. Wakala wamechaguliwa, mhudumu anakuja saa aliyopangiwa, leo huyu, kesho yule. Sheria haisemi hivyo. Tangu Aprili 2015, Sheria ya Huduma ya mwaka 2014 ilipoanza kutumika, kila mtu mzima anayehudumiwa na halmashauri ni lazima mpango wake wa huduma uonyeshe bajeti binafsi: gharama ya kukidhi mahitaji yake, sehemu atakayochangia mwenyewe na sehemu ya halmashauri. Kiasi hicho kimo kwenye mpango wake hata kama hakuna aliyemtajia.

Walioipigania haki hii ni watu wenye ulemavu wenyewe. Wakazi wa Le Court, nyumba ya matunzo huko Hampshire, waliuliza kwa nini fedha zinazolipia vitanda vyao pale zisiwalipie wasaidizi katika nyumba zao wenyewe. Sheria ya Msaada wa Taifa ya mwaka 1948 ilizuia halmashauri kumpa mtu fedha mkononi badala ya huduma, ikabidi zipitishwe kwa mtu wa tatu. Bunge liliruhusu malipo ya moja kwa moja, yaani mtu kupewa fedha mwenyewe, mwaka 1996, na wazee waliovuka miaka 65 wakaingizwa mwaka 2000.

Leo unaweza kuiachia halmashauri isimamie bajeti yako, au isimamiwe na mtoa huduma mliyekubaliana, au upewe mwenyewe kwenye akaunti ya pekee au kadi maalumu. Njia hii ya mwisho ndiyo inayobadilisha maisha zaidi.

Chukua mama aliyepatwa na kiharusi. Ratiba ya wakala inamleta mhudumu saa moja na nusu jioni kumlaza. Mwezi Juni jua la hapa huzama baada ya saa tatu usiku, kwa hiyo mama anavuliwa na kulazwa Magharibi haijaingia, na kuinuka tena peke yake hawezi. Akipokea malipo ya moja kwa moja anaweza kuajiri msaidizi wake, pengine mama wa mtaani anayezungumza naye Kiswahili, aje saa tano usiku baada ya Isha. Ijumaa aje mapema amwogeshe kwa utulivu. Wiki ambayo binti yake amekuja kukaa naye, saa zisizotumika anaweza kuziweka kwa ajili ya wiki ngumu, ikiwa mpango wake unaruhusu.

Ila ukiajiri msaidizi, wewe ni mwajiri kamili. Kuna bima ya mwajiri, hati ya mshahara, makato ya kodi na likizo yenye malipo ya wiki 5.6 kwa mwaka. Hapa ndipo ninapokasirika, maana nimeona bajeti zilizohesabu mshahara wa saa peke yake, kana kwamba bima na likizo zitalipwa na upepo. Gharama hizo ni sehemu ya bajeti, na zidai. Uhuru wa kuchagua bila fedha za kutosha ni kumtwisha mgonjwa kazi ya ofisi. Halmashauri nyingi zina shirika la kukusaidia mahesabu ya mshahara, kwa hiyo uliza kabla hujasaini.

Swali ninaloulizwa kila mara ni kama mtoto anayemhudumia mama yake anaweza kulipwa. Akiishi nyumba nyingine, anaweza. Akiishi naye chini ya paa moja, kwa kawaida hapana, isipokuwa halmashauri ikubali kwamba hakuna njia nyingine ya kufaa. Jibu hili huziuma familia zetu, na naelewa kwa nini.

Kuhusu akiba: ukiwa na zaidi ya £23,250 kwa kawaida utajilipia mwenyewe, na akiba iliyo chini ya £14,250 haihesabiwi. Nyumba unayoishi haiguswi ukihudumiwa humo humo. Malipo ya moja kwa moja si kipato, kwa hiyo hayapunguzi ruzuku zako nyingine.

Bajeti huzaliwa kwenye tathmini ya mahitaji inayofanywa na halmashauri, na hapo ndipo adabu yetu hutuponza. Afisa anauliza, “Mnaendeleaje?” na mzee anajibu, “Alhamdulillah, tunamudu.” Inaandikwa kwamba anamudu. Mwambie aeleze siku mbaya: mara ngapi anaamka usiku, nani anamnyanyua, lini alifika msikitini mara ya mwisho. Ustahiki hupimwa kwa yale anayoshindwa kuyafanya na namna yanavyoathiri maisha yake. Kiasi kikija kidogo, omba kwa maandishi uelezwe kilivyohesabiwa, kisha udai mpango upitiwe upya. Nakala ya tathmini ni haki yenu. Usiondoke bila kuiomba.