Si kweli kwamba tabia hujengeka kwa siku 21

"Fanya jambo siku 21 mfululizo, litakuwa tabia. Ukikosa siku moja, anza upya." Ujumbe huu hurudi kwenye magrupu kila mwaka mpya, na una makosa mawili.

Namba 21 ilienea kutokana na kitabu cha mwaka 1960 cha daktari wa upasuaji wa sura huko Marekani. Aliona wagonjwa wake huchukua angalau siku 21 hivi kuizoea sura mpya. Hakuwa akipima mazoezi wala kuweka akiba. Maneno yalipopita mdomo hadi mdomo, "angalau" ikadondoka njiani.

Utafiti wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2009 uliwafuatilia watu 96 kwa wiki 12, kila mmoja na jambo dogo alilojichagulia. Kwa kawaida ilichukua siku 66 hivi jambo kuanza kwenda lenyewe; kwa wengine 18, na kwa wengine makadirio yalifika 254. Kunywa maji kulizoeleka upesi kuliko mazoezi. Na kukosa siku moja (hili hunifurahisha) hakukuharibu kitu.

Jipime mwenyewe: chagua jambo moja, lifunge na lile unalofanya tayari, mfano kuandika matumizi ukishamaliza chakula cha usiku, na uweke alama kwenye kalenda. Siku ya 22 jiulize kama bado unajisukuma.

Ujumbe huo ukikufikia tena, tafadhali usiusambaze. Wapo wanaojua fika la kufanya, lakini huacha siku hiyo ya 22 wakidhani ni wavivu.