Eti gari ya cc ndogo haina raha? Hapana jamani

Kuna ile meseji inazungushwa kwenye magrupu ya WhatsApp miaka nenda rudi, eti gari ya kuenjoy lazima iwe cc 2500 kwenda juu, vigari vidogo vya mtumba ni vya kwendea sokoni tu. Sio kweli. Chukua Suzuki Swift Sport ya 2005 hadi 2010, injini ni cc 1600 tu, turbo (kile kifaa cha kuiongezea injini nguvu) haina, ila inatoa nguvu farasi 125 na gari lenyewe lina kilo kama 1,060, sasa ukipata ya manyuo (ya kubadilisha gia kwa mkono), uko gia ya pili unatoka raundiabauti, inavuta vizuri kabisa na bado uko spidi halali.

Wengi wanachanganyikiwa kwa sababu wameendesha Swift ya kawaida ya cc 1300, kwa macho zinafanana sana, halafu wanahesabu cc wanasahau uzito. Kuhakiki ni rahisi, fungua boneti usome kibati cha chesisi: ZC11S ni ya 1300, Sport ni ZC31S na injini yake M16A. Nyuma pia Sport ina breki za diski.

Hiyo meseji ikikufikia naomba usiiforwadi, kuna mtu ataingia mkopo wa gari kubwa asilolihitaji na mafuta yamtese bure.